Anayekagua gari asiwe ndiye anayelitengeneza

MAGARI yanayotoa kabeji, viazi na maziwa Kinangop kuelekea Nairobi si machanga. Mengi ni pikapu na malori yaliyonunuliwa yakiwa yametumika, nayo hupanda na kushuka miteremko yakiwa yamejaa pomoni. Breki zikikataa, anayeumia si dereva peke yake.

Hivyo basi hakuna ubaya kudai magari yakaguliwe. Rasimu ya kanuni za mwaka 2023 ilipendekeza gari lililopita miaka minne tangu liundwe likaguliwe kila mwaka, na wawekezaji wa kibinafsi wapewe leseni ya kufanya kazi hiyo chini ya mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingia mradi yasizidi miaka minane, kwa hivyo mengi hushushwa Mombasa tayari yamevuka hiyo minne. Vituo vya serikali peke yake haviwezi kuyamaliza.

Hatari ni karakana kukagua huku ikitengeneza na kuuza vipuri. Itamwambia mwenye pikapu kwamba springi zimekwisha ilhali ni nzima, au ipokee kitu kidogo na kuandika cheti bila hata kulitia gari jeki. Mkulima atabishanaje na fundi aliyelala chini ya gari?

Uingereza imeruhusu gereji za kibinafsi kukagua na kutengeneza tangu 1960. Lakini huko ada ina kikomo, mwenye gari ana uhuru wa kulitengeneza kwingine, na serikali hupeleka kisiri magari yenye kasoro zinazojulikana ili kumnasa mkaguzi mvivu. Ireland Kaskazini hupima kwa vituo vya serikali visivyotengeneza chochote.

Kwa Kenya, ambako hongo barabarani si habari ngeni, leseni iwe ya kukagua tu. Ada ibandikwe mlangoni. Gari likianguka, mwenyewe apewe orodha ya kasoro aipeleke kwa fundi wake wa jua kali. Kituo kikinaswa kimeuza cheti, kifungwe. Faini hurudishwa kwa siku mbili za kazi.

Tena vituo viwe karibu na mashamba. Mfugaji wa Ol Kalou hapaswi kupoteza maziwa ya siku nzima akifuata cheti mji wa mbali.