Bushi za Motokaa na Mikono ya Wasomi

Wako miongoni mwetu wanafunzi wasemao kwamba spana ni ya yule aliyeshindwa na kitabu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na shahidi wangu ni kitu kidogo kipatacho kukaa katika kiganja cha mkono, nacho ni bushi ya motokaa.

Bushi ni mpira ulioshikamana na vyuma viwili vya mviringo, kimoja ndani na kimoja nje. Hukaa pale mkono wa gurudumu ushikanapo na mwili wa gari, ili gurudumu lipate kupanda na kushuka bila chuma kugonga chuma. Lakini mpira huzeeka. Joto, mafuta yavujayo kutoka injini, na mashimo ya barabarani huupasua. Ndipo gari huanza kugonga likipita penye shimo, huvuta upande mmoja likifungwa breki, na tairi huliwa ukingoni. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Mwenye kudharau mpira huu hununua tairi kabla ya wakati wake, na siku ya kufunga breki kwa ghafula, huenda gari lisimtii.

Hapa Uganda jambo hili latuhusu sana. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria ya kuzuia kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, lakini ya zamani yaliyokwisha kuingia hayakufukuzwa barabarani. Hayo ndiyo yatupelekayo shuleni, sokoni na hospitali. Toyota Corolla ya nyumbani kwetu iliundwa mwaka 1998, basi kwa umri ni kaka yangu mkubwa.

Likizo iliyopita mimi na baba tulibadili bushi zake za mbele uani kwetu. Zilikuwa zimebadiliwa katika gereji moja, zikapasuka kabla ya miezi sita. Majirani wakasema, "Bushi za siku hizi ni bandia." Kweli, bandia zimo sokoni. Lakini mimi nilikuwapo siku ile gerejini, nikaona bolti zikikazwa kabisa huku magurudumu yananing'inia hewani. Jambo hilo ndilo vitabu vya matengenezo vikatazalo.

Sababu yake ni fizikia ile ile tusomayo darasani. Bolti ikikazwa, hukibana chuma cha ndani kisizunguke tena. Toka hapo ni mpira wenyewe ujipindao gurudumu lipandapo na kushukapo. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, basi gari likishushwa mpira huwa umekwisha kupindika kabla ya safari kuanza. Hukaa hivyo usiku na mchana, mfano wa mtu alalaye shingo upande, kisha hupasuka upesi. Kwa hiyo sisi tulizishika bolti kidogo tu, tukashusha gari, magurudumu yakasimama juu ya mbao nene zilizo sawa, tukalitikisa mpaka likatulia kwa uzito wake. Ndipo tukakaza.

Kazi iliyobaki ilitaka subira kuliko nguvu. Bushi kuukuu tulizisukuma nje kwa jiliwa na kipande cha bomba. Mpya tulizipaka maji ya sabuni, wala si grisi, kwa maana mafuta huuvimbisha mpira na kuuharibu. Tulibadili pande zote mbili, kisha gari likapelekwa kupimwa magurudumu, maana kazi hiyo haipimiki kwa macho.

Pengine mtu atauliza: "Kila mtu akijifanyia, mafundi watakula nini?" Swali hili ni la haki. Sisemi kila mtu awe fundi wake. Springi iliyobanwa inaweza kuua, nayo yafaa iachiwe mwenye vifaa vyake. Tena asiye na vigogo imara vya kuegemeza gari asithubutu kuingia chini yake, kwa kuwa jeki ni ya kuinulia gari, si ya kuaminiwa na roho ya mtu. Nisemalo ni hili: aijuaye kazi humtambua fundi hodari, akamlipa bila manung'uniko, asiyeijua huwatukana wote kwa pamoja, mwema na mzembe. Ujinga wetu ndio uwapatiao wazembe riziki.

Tena nawauliza wenzangu wa kidato cha sita: twaweza kuandika kurasa mbili juu ya nguvu za kupinda, tukapata alama nzuri, nasi hatujui kwamba nguvu hizo zinakata mpira chini ya gari lililotuleta shuleni. Elimu hiyo ina faida gani kwa baba na mama waliotulipia karo?

Kwa hiyo naleta ombi. Shule yetu ina gari kuukuu la kubebea chakula na kuni. Naomba wakubwa wetu waturuhusu kulihudumia Jumamosi, chini ya macho ya fundi wa shule. Nanyi wanafunzi wa zamani, mlio wahandisi na wenye gereji, njoni mtufundishe hata mara moja kwa muhula. Mkija na bushi chache mkononi, tutawapokea kwa furaha kubwa zaidi.