Ukaguzi Uliosahauliwa kwa Miaka 24

Mwezi Aprili 2024 ilitangazwa kwamba glibc, maktaba ya programu ambayo seva nyingi za Linux haziwezi kufanya lolote bila hiyo, ina kosa katika iconv, kazi yake ya kubadili maandishi kutoka usimbaji mmoja wa herufi kwenda mwingine. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo tangu mwaka 2000. Miaka yote hiyo, seva za Debian, Ubuntu na Red Hat ziliendelea kutunza mishahara, majalada ya wagonjwa na akaunti za watu juu ya msingi uliokuwa na ufa.

Chanzo chake kinaeleweka hata na asiyewahi kuandika msimbo. Programu inayobadili maandishi hutengewa sehemu ya kumbukumbu, yaani bafa, ya kuwekea matokeo. Usimbaji wa Kichina uitwao ISO-2022-CN-EXT hutumia alama za baiti nne kueleza kwamba seti ya herufi imebadilika. Kabla ya kuandika alama hizo ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba nafasi iliyobaki inatosha. Kwa aina moja ya alama ukaguzi huo ulifanyika. Kwa aina mbili nyingine, ndani ya faili lilelile, haukufanyika. Bafa ikikaribia kujaa, baiti zinazozidi, hadi nne, huandikwa juu ya kumbukumbu ya jirani isiyo yake.

Baiti nne zinaonekana si kitu. Mtafiti Charles Fol, aliyeligundua kosa hilo, alionyesha zinavyotosha: kwenye tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya PHP inayompa mgeni mwanya wa kusoma faili tu, mgeni huyo anaweza kupanda hadi kuendesha amri zake kwenye seva. Mwaka huohuo wa 2024 wavamizi waliunganisha kosa hili na udhaifu mwingine wakavamia maduka ya mtandaoni yanayotumia programu ya Magento.

Tumewasikia wasimamizi wa mifumo wakijitetea kwamba ofisi zao hazishughuliki na maandishi ya Kichina. Utetezi huo hatuukubali. Kigeuzi cha usimbaji huo wa Kichina huja pamoja na maktaba, na anayechagua usimbaji utakaotumika ni mvamizi, wala hamuulizi mwenye seva anaandika lugha gani. Kama kweli hamkihitaji, mlikuwa na wajibu wa kukifunga katika mipangilio ya glibc siku ileile ya tangazo, kabla hata kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, hakijafika.

Na kiraka kilifika. Ni mistari michache ya msimbo, inayofanya ukaguzi uleule uliopaswa kufanyika tangu mwanzo. Lakini kupakua kiraka ni nusu ya kazi. Huduma iliyokwisha kuwaka huendelea kushikilia glibc ya zamani katika kumbukumbu mpaka izimwe na kuwashwa upya. Kontena, yaani vifurushi vya programu vinavyobeba maktaba zao wenyewe, zilizojengwa kwa picha za zamani hubaki na kosa lilelile hata seva iliyozibeba ikisasishwa. Msimamizi aliyeweka sasisho akaenda nyumbani bila kuwasha upya huduma ameacha mlango wazi, kisha akajaza fomu kwamba ameufunga.

Hapa lawama inapanda juu. Wako wasimamizi wanaolijua hili vizuri, wakaomba nusu saa ya usiku kuuzima mfumo, wakanyimwa na wakuu wao kwa hofu ya malalamiko ya wateja. Mkuu anayekataa ombi hilo ameamua mwenyewe kuziweka taarifa za watu hatarini, na anapaswa kulijibia kwa jina lake, si kumsukumia kijana wa kitengo cha TEHAMA siku mambo yatakapoharibika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zimemtwika wajibu wa ulinzi yule anayekusanya na kuzitunza taarifa hizo. Hazikumtwika mtu aliyeandika msimbo huo zaidi ya miaka 20 iliyopita na kuutoa bure kwa ulimwengu.

Waandishi wa msimbo nao hawaachwi. Aliyeweka ukaguzi mahali pamoja alijua kwamba hatari ipo, na hilo ndilo linalouma: kinga ilikuwa mistari michache tu kutoka kwenye jeraha. Vyuo vyetu vinavyofundisha lugha ya C viache kutoa alama kwa programu inayofanya kazi tu. Mwanafunzi aulizwe, kwa kila mstari unaoandika kwenye bafa, nafasi iliyobaki ni kiasi gani, na asiyeweza kujibu arudie zoezi.

Tunataka kila taasisi yenye seva ya Linux iandike karatasi moja: toleo la glibc lililopo, tarehe kiraka kilipowekwa, saa kila huduma ilipowashwa upya, na kontena zilizojengwa upya. Mkurugenzi aisaini kwa mkono wake.