Redio ya zamani isitupwe, runinga mpya inaihitaji

NYUMBA nyingi zina redio kubwa ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma pembeni mwa sebule. Ilinunuliwa na baba au babu enzi za kaseti, ikapigwa kwenye sherehe za familia, kisha ikanyamaza siku runinga bapa ilipoingia ndani. Nyingine zimeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Katika sebule hizohizo, saa mbili usiku, bibi anaangalia taarifa ya habari na kuuliza: "Amesemaje?" Mara ya kwanza anajibiwa. Mara ya tatu watoto wanachoka. Taratibu anaacha kuuliza, na baadaye anaacha hata kukaa sebuleni. Familia inadhani anapenda kulala mapema, kumbe hasikii.

Tatizo si masikio yake peke yake. Runinga za kisasa ni nyembamba, hivyo spika zake ni ndogo, na nyingi zinaelekea chini au nyuma. Sauti inamfikia msikilizaji ikiwa imeshagonga ukuta. Ukiongeza, muziki na mwangwi vinapanda pamoja na maneno, na maneno yanabaki hayaeleweki. Anayeumia ni mtoto aliyekaa mkekani, hatua mbili tu kutoka kwenye kioo.

Kwa wanaotumia vifaa vya kusikilizia, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa muda huohuo. Nyumbani hakuna kipimo, lakini ipo dalili rahisi: kama inabidi umpigie kelele mtu aliye karibu yako ndipo akusikie, sauti imezidi.

Spika kubwa za redio ya zamani, zikielekezwa kwa wanaosikiliza, hufikisha maneno bila kelele hizo. Kazi ni kuunganisha, na hapo ndipo wengi hukwama.

Waya uingie wapi?

Redio hizi hupokea sauti kwa matundu mawili, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa AUX, CD au TAPE IN. Tundu la PHONO liache. Hilo ni la santuri, ambayo sauti yake ni dhaifu, kwa hiyo redio huikuza sana. Sauti ya runinga ikipita hapo itakwaruza.

Kosa la kawaida ni kuchomeka upande wa pili kwenye matundu ya rangi hizohizo nyuma ya runinga. Mengi yameandikwa AV IN, maana yake yanapokea, hayatoi. Waya unaweza kukaa hapo mwaka mzima bila redio kutoa hata mlio. Tafuta neno OUT. Lisipokuwepo, zipo njia tatu.

Ya kwanza na rahisi zaidi ni tundu la hedifoni. Unahitaji waya wenye kichwa cha hedifoni upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande mwingine. Weka sauti ya runinga katikati, kisha pandisha au shusha kwa kitufe cha redio.

Ya pili ni king'amuzi. Ving'amuzi vingi vina matundu mekundu na meupe yanayotoa sauti, na waya unaweza kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye redio. Picha itaendelea kupita kwenye waya wake wa HDMI. Ila kumbuka, itasikika sauti ya king'amuzi tu. Filamu ya kwenye flashi au ya intaneti itabaki kwenye spika za runinga.

Ya tatu ni kwa runinga isiyo na tundu la hedifoni. Tafuta kitundu kidogo kilichoandikwa OPTICAL. Kinatoa sauti ya kidijitali kwa njia ya mwanga, ambayo redio ya zamani haiielewi, hivyo katikati panahitajika kiboksi cha kuibadilisha kiitwacho DAC. Baada ya kuunganisha, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga na uchague PCM. Usipofanya hivyo, kiboksi kinaweza kukaa kimya au kukwaruza, na wapo wanaokirudisha dukani wakidhani ni kibovu.

Usishawishiwe kununua waya wa HDMI kwa kazi hii. Tundu la HDMI ARC, linalotoa sauti kutoka kwenye runinga, lilianza kuja mwaka 2009. Redio ya enzi za kaseti haina pa kuuchomeka.

Kusikia, si kutikisa madirisha

Weka spika kila upande wa runinga, usawa wa masikio ya aliyeketi. Punguza besi, kwa sababu besi nyingi humeza maneno. Kisha mkalishe mzee mahali pake pa kila siku, pandisha sauti polepole mpaka aseme inatosha, na ubandike alama kwenye kitufe. Watoto waambiwe hiyo ndiyo mwisho.

Akiendelea kuuliza "amesemaje" hata baada ya hapo, mpeleke hospitali akapimwe masikio. Huenda ni nta tu iliyoziba, au anahitaji kifaa cha kumsaidia kusikia. Kwa vyovyote vile, asiachwe akajitenga chumbani.

Kabla ya kuwasha

Chomoa vyote kwenye umeme kabla ya kugusa waya wowote. Angalia volti zilizoandikwa nyuma ya redio. Nyingine zilikuja kama mitumba kutoka Japani, zinakotumia volti 100, au Marekani, volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230, hivyo bila transfoma ya kushusha umeme redio hiyo itaungua, na inaweza kuwasha moto.

Hakikisha nyuzi za waya wa spika hazigusani, maana zinaweza kuua redio. Usifungue kava lake hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa ndani hubaki umeme uliohifadhiwa. Waya za nyuma zifungwe pamoja na kusogezwa mbali na mtoto anayetambaa. Redio yenye harufu ya kuungua au waya uliochubuka iende kwa fundi kwanza.

Na kile kitambaa cha kufuma kitafutiwe meza nyingine. Juu ya redio kinaziba matundu ya hewa, nayo ikishaanza kazi tena itapata joto.