JE, VIDONGE VYA VITAMINI VINAZUIA UGONJWA WA KUSAHAU UZEENI?



Ndugu msomaji, kila nyumba humwombea mzee wake umri mrefu. Lakini umri mrefu una mitihani yake, na mmoja katika iliyo mizito ni ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimenshia. Huu si ule usahaulifu wa kuweka miwani pahala kisha ukaitafuta. Ni maradhi ya ubongo. Mzee hurudia swali moja mara kumi, hupotea njia ya msikiti aliyoipita miaka mingi, na mwisho hushindwa kumtambua mwanawe wa kumzaa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa na maradhi haya, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo tusidhani kuwa ni maradhi ya Ulaya. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 wanayo.

Khofu hii imewafungulia mlango wafanyabiashara. Makopo ya vitamini na dawa za "kusafisha ubongo" huuzwa kwa bei kubwa, na watoto wenye mapenzi na wazazi wao huchanga ili wanunue. Nia yao ni njema. Lakini maoni yangu ni kwamba fedha hizo zingemfaa mzee zaidi zikienda sokoni na zahanati.

Tuangalie ushahidi. Huko Marekani madaktari wanaume wapatao 6,000, wenye miaka 65 na zaidi, walifuatiliwa kwa miaka 12. Baadhi walimeza vidonge vya vitamini mchanganyiko na wengine vidonge vitupu. Matokeo yalitolewa mwaka 2013: kumbukumbu zao hazikutofautiana. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya dawa ya majani ya mti wa ginko, iliyojaribiwa kwa wazee zaidi ya 3,000. Nayo haikuzuia ugonjwa. Mwaka 2019 WHO ikatoa mwongozo kuwa vidonge vya vitamini B, vitamini E na vya mchanganyiko visipendekezwe kwa ajili ya kuzuia dimenshia.

Haki isemwe: majaribio mapya ya Marekani, yaliyotangazwa mwaka 2023 na 2024, yalionyesha kuwa vidonge vya mchanganyiko viliwasaidia wazee kidogo katika mitihani ya kumbukumbu. Lakini kupata alama zaidi katika mtihani si sawa na kukingwa na maradhi, na hilo la pili halijathibitishwa. Tena vidonge si vitu vya kumezwa ovyo. Vitamini E kwa kiwango kikubwa ilionekana mwaka 2011 kuongeza saratani ya tezi dume.

Lipo jambo moja la kutofautisha. Mwenye upungufu wa vitamini B12 anaweza kusahau na kuchanganyikiwa, na akitibiwa mapema hali yake inaweza kurudi kuwa nzuri. Upungufu huu huwapata zaidi wazee, wasiokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, na wenye kisukari waliotumia metfomini kwa miaka mingi. Basi mzee akianza kusahau, msikimbilie kusema "ni uzee tu", wala "amerogwa". Mpelekeni hospitali akapimwe. Huyo akipewa B12 ametibiwa upungufu uliopimwa, na hilo ni mbali na kununua kopo kwa kubahatisha.

Je, chakula? Chakula kina nafasi yake, lakini hakifanyi kazi peke yake. Mwongozo ule ule wa WHO unakubali mlo wa mboga za majani, kunde, matunda, samaki na nafaka zisizokobolewa. Kwetu sisi hivyo si vitu vya kigeni: ni mchicha, matembele, kisamvu, maharage, choroko, dagaa na dona. Katika utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2015, wazee zaidi ya 1,200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mlo bora pamoja na mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na uangalizi wa presha kwa miaka 2, na akili zao zikafanya vizuri kuliko za wenzao. Lakini mwaka 2023, jaribio la Marekani lililotegemea mlo peke yake kwa miaka 3 halikuonyesha tofauti kubwa.

Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 ambayo yakirekebishwa, karibu nusu ya dimenshia ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Nayo ni elimu ndogo, uziwi, kolesteroli mbaya, huzuni kubwa, kuumia kichwa, kukaa bila mazoezi, kisukari, sigara, presha, unene, pombe, upweke, hewa chafu, na macho yasiyotibiwa. Tazama vizuri, ndugu yangu: ukosefu wa vidonge vya vitamini haumo.

Enyi wanafunzi, orodha hii inawahusu. Mnaposoma kwa bidii leo, mnajiwekea akiba ya uzeeni. Anayeanza sigara akiwa kijana anaitumia akiba hiyo kabla ya wakati wake. Na nyumbani mna kazi nne. Kwanza, punguzeni chumvi ya mchuzi na sukari ya chai. WHO inashauri chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwa vyakula vyote. Pili, mkumbusheni babu dawa yake ya presha, na Ramadhani ikikaribia aulizwe daktari jinsi ya kuitumia. Tatu, tembeeni naye. Nne, kaeni na bibi mzungumze, na kama hasikii vizuri msimcheke, bali mwambieni baba ampeleke akaangaliwe masikio.

Wapo watakaofanya yote haya na bado mzee wao akasahau. Hiyo ni qadar ya Allah, na si kosa la mtu. Hapo ndipo wema kwa wazazi unapopimwa: kumjibu swali lile lile mara ya kumi kwa sauti ile ile ya upole tuliyotumia mara ya kwanza.

Allah awape wazee wetu afya na mwisho mwema, nasi atupe subira ya kuwahudumia. Aamin.