Eti "weka Python kwanza"!

Jamani wadau, hii tabia ya kumpa rafiki gemu uliyoiandika halafu unamwambia "weka Python kwanza, kisha Pygame" mi siikubali. Mwenzako anasoma sheria, bando lenyewe la kuungaunga, atakuacha hapo hapo! PyInstaller ipo, tena bure: inafunga Python, maktaba na kodi yako pamoja, yeye anabofya tu. Wajuaji wa hosteli wanadai faili moja ndo usomi. Wapi! Kila ukilibofya linatapika vitu vyake upya kwenye folda ya muda, kompyuta chakavu inabaki inahema. Toa folda nzima, picha na sauti humo humo, uizipu. Na ya Windows ifungie kwenye Windows. Ukiifungia Linux kwake haifunguki, usije ukamcheka kwamba hajui kompyuta.