Hospitali Isiwe Chanzo cha Maradhi

Mgonjwa anapoingizwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, jamaa zake hupata faraja wakiamini kwamba amefika mahali palipo salama kuliko pote hospitalini. Hata hivyo, ni humo humo ambamo baadhi ya wagonjwa hupata maradhi ambayo hawakuja nayo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa kwa maradhi makali huambukizwa wakiwa hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7.

Mahututi yumo hatarini zaidi kwa sababu mwili wake umefunguliwa njia: mpira wa kupumulia kooni, mpira wa mkojo, dripu mshipani. Huko ndiko anakopenya bakteria aitwaye Acinetobacter baumannii, ambaye aweza kuishi majuma kadhaa juu ya chuma cha kitanda kilicho kikavu. Wale walio sugu kwa dawa za karbapenemu, ambazo madaktari huzitegemea nyingine zinaposhindwa, Shirika hilo liliwaweka katika daraja la juu la hatari mwaka 2017, na likawaacha hapo hapo mwaka 2024.

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga vyumba vya mahututi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini mashine ya kupumulia ndani ya chumba ambacho bomba lake halitoi maji yaweza kumwua yule iliyonunuliwa kumwokoa.

Ni desturi yetu kumlaumu muuguzi. Anayekwenda kitanda hadi kitanda na glavu zile zile astahili karipio. Vivyo hivyo daktari bingwa apitaye na msafara wa wanafunzi bila yeyote kunawa, ingawa huyo ni nadra kukaripiwa. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku atanawa wapi ikiwa bomba ni kavu?

Wala kisingizio cha fedha za kigeni hakina nafasi hapa. Dawa ya kutakasa mikono, ya spiriti, haidrojeni peroksaidi, gliserini na maji yaliyochemshwa, yaweza kutengenezwa katika famasi ya hospitali yenyewe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahimiza wanavijiji kuchimba vyoo kwa majembe yao. Hospitali ya mkoa haiwezi kushindwa na ndoo yenye koki.

Viongozi wa Chama wanapokwenda kukagua hospitali, na wafungue kwanza bomba la chumba cha mahututi, ndipo waonyeshwe mashine.