Juu ya Kuchagua Rili ya Kuvulia Baharini

Wahenga walisema, Mchagua jembe si mkulima. Neno hili limetajwa mara nyingi katika mazungumzo ya wanachama tangu lilipotolewa shauri la kwamba sanduku la Chama chetu hapa Tanga linunue rili za kuvulia baharini, ili wapendao uvuvi wapate burudani yenye faida baada ya kazi. Wengine wasema rili ni rili, inunuliwe yo yote. Wengine wataka ile kubwa kuliko zote, yenye rangi ya dhahabu, kama zile zionekanazo katika mashua za wageni. Sisi hatukubaliani na hao wala hawa. Jembe likilala nje usiku mmoja halipotezi kazi yake. Lakini rili isiyofaa ikipata maji ya chumvi huanza kuliwa siku ile ile. Tena fedha zitakazotumiwa si za mtu mmoja, bali ni zile zile tuzitumiazo kwa kuuguzana na kuzikana. Basi yatupasa kuchagua, na kuchagua kwa akili.

Kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka bara, ambao wengi wao wamezoea maziwa na mito isiyo na chumvi, tueleze kwanza. Rili ni chombo kifungwacho juu ya ufito wa kuvulia, chenye bobini ya kukunjia mshipi, mkono wa kuzungushia, na breki ya kumzuia samaki asiuchukue mshipi wote. Namna zake ni nyingi, walakini zitupasazo kuzifikiri ni mbili tu.

Namna ya kwanza ni ile ambayo bobini yake hutulia. Mvuvi akizungusha mkono, kipo kijiti cha waya kinachoizunguka bobini na kuulaza mshipi juu yake. Na akirusha chambo, kijiti hicho hufunguliwa, na mshipi huchomoka kwenye ukingo wa bobini pasipo bobini yenyewe kuzunguka. Bwana Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya sufu wa Bradford katika Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi wa rili ya namna hii mwaka 1905. Wema wake ni kwamba mtu hujifunza kuitumia kwa siku chache, na hata chambo chepesi huenda mbali. Ubaya wake ni kwamba huusokota mshipi, hasa mtu akizidi kuzungusha mkono wakati samaki anavuta.

Namna ya pili ni ile ambayo bobini yenyewe huzunguka, mshipi ukitoka na ukiingia. Hii ina nguvu zaidi kwa samaki wazito, kwa kuwa mshipi huingia moja kwa moja bila kupinda penye kona. Lakini wakati wa kurusha, kidole gumba kisipoizuia kwa kiasi, bobini hukimbia kuliko mshipi unavyotoka, na mara mvuvi hupata mafundo kama nywele zisizochanwa mwaka mzima. Hapo zamani rili hizi hazikuwa na breki ya ndani. Samaki mkubwa akivuta, mkono wa rili ulizunguka kinyume na kuumiza vidole vya mvuvi. Breki yenye gurudumu la mfano wa nyota ilipatikana mwaka 1913, na tangu hapo rili hizi zimekuwa silaha ya wavuao samaki wakubwa wa bahari kuu.

Sasa, ipi itufaayo? Jibu haliko dukani, bali liko katika maisha yetu. Ofisi hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Jua huchwa kiasi cha saa kumi na mbili. Kwa hiyo mtumishi ana muda wa saa mbili na nusu, pamoja na mwendo wa kwenda pwani. Katika muda huo hawezi kwenda mkondo wa Pemba na kurudi. Atasimama juu ya mwamba au katika mchanga, au siku ya Jumamosi ataingia katika ngalawa ya kukodi na kuvua ndani ya miamba. Samaki atakaowapata huko ni changu, kolekole, chewa wadogo, na akibahatika, nguru. Tena wakati wa kusi upepo humjia usoni, na chambo hurudishwa nyuma. Hapo asiyezoea akiwa na rili ya namna ya pili atashinda akifungua mafundo mpaka giza liingie. Kwa sababu hizi twaona rili itufaayo ni ya namna ya kwanza, ya kiasi cha kati, iwezayo kubeba mita 200 na zaidi za mshipi wa nailoni wenye nguvu ya kilo 10.

Ndugu zetu wengine watasema: Je, sulisuli? Kumpata sulisuli kungekipa Chama jina kubwa. Hatuwalaumu kwa kutamani. Mkondo wa Pemba una kina cha zaidi ya mita 700, na samaki wakubwa wapitao humo wanajulikana duniani. Lakini samaki yule hatafutwi kwa rili peke yake. Hutafutwa kwa mashua yenye injini, mafuta ya kutwa nzima, nahodha ajuaye mahali, na nyuzi za mamia ya mita. Kununua rili ya sulisuli hali mashua hatuna, ni sawa na kununua tandiko hali punda hayupo. Kwa bei ya rili moja ya namna hiyo, yamkini tutapata mbili au tatu za kiasi, na wanachama watatu watavua badala ya mmoja kuvua na wawili kutazama.

Wapo pia wasemao kwamba mshipi wa mkono watosha. Hao twawaheshimu, kwa maana mvuvi wa pwani mwenye mshipi, chubwi na ndoana hutushinda sote kwa samaki aletao nyumbani. Lakini yeye ana chombo cha kumfikisha walipo samaki. Faida ya rili kwetu ni kwamba asiye na chombo aweza kusimama nchi kavu na kukifikisha chambo chake ng'ambo ya mawimbi.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni breki. Wauzaji husifu wingi wa gololi zilizomo ndani, na wanunuzi huzihesabu kama mbegu za tasbihi. Gololi nyingi si dhamana ya lo lote. Baharini kila gololi isiyo ya chuma kisichoshika kutu ni mahali pengine pa kuharibika. Breki njema huachia mshipi taratibu, bila kukwama na kushtuka. Kanuni ya wavuvi wengi ni kuifunga kwa robo mpaka theluthi ya nguvu za mshipi. Yaani kwa mshipi wa kilo 10, kilo mbili na nusu mpaka tatu, zipimwe kwa mizani ya kuning'iniza. Kwa nini isifungwe zaidi? Makarani wapendao hesabu watazame hapa. Bobini iliyojaa ikiwa na upana wa sentimita 6, na breki ikivuta kilo 3, samaki akichukua mshipi hata bobini ikabaki na upana wa sentimita 3, breki ile ile sasa huvuta kilo 6, ijapokuwa hakuna aliyeigusa. Ongeza juu yake uzito wa maji yanayoukokota mshipi mrefu. Ndiyo maana watu wengi hupoteza samaki mwishoni, nao husema ni bahati mbaya.

Kadhalika mnunuzi atazame madini. Vyuma vya namna mbili vikigusana ndani ya maji ya chumvi, kimoja humla mwenziwe. Ndipo skrubu za chuma cha pua hukaa salama, nalo bati la alumini lililoshikwa nazo hugeuka unga mweupe. Basi rili iliyotengenezwa kwa ajili ya maji baridi isinunuliwe kwa sababu ya urahisi wake. Mnunuzi na aushike mkono wa rili autikise. Ukicheza dukani, utalia baharini. Avute mshipi dhidi ya breki, asikilize. Aulize kama vipuri vyapatikana. Muuzaji akikataa rili isijaribiwe, mnunuzi aende zake.

Hata hivyo, rili njema kuliko zote haitadumu mikononi mwetu ikiwa haina mwenyewe. Hapa ndipo hofu yetu ilipo. Kitu cha shirika hutumiwa na wengi na kuoshwa na hakuna. Kazi yenyewe si ngumu: baada ya kuvua, breki ikazwe ili maji yasiingie ndani, rili imwagiwe maji baridi polepole, wala isipigwe kwa maji ya nguvu yanayosukuma chumvi ndani, ifutwe na kukaushwa kivulini, kisha breki ilegezwe ili vikaratasi vyake visigandamane, na tone la mafuta litiwe penye mkono na penye kijiti cha waya. Ni dakika kumi tu. Lakini dakika hizo kumi zikikosekana mara nne au tano, fedha za sanduku zitakuwa kutu.

Sisi tuliolelewa katika majalada na madaftari hatuna udhuru. Mali bila daftari hupotea bila habari. Twashauri basi kwamba Mkutano ujao ukubali mambo matatu: zinunuliwe rili mbili za namna ya kwanza, za kiasi cha kati, zilizofanyizwa kwa ajili ya bahari, liwekwe daftari ambalo kila aazimaye ataandika siku aliyoichukua, siku aliyoirudisha, na kwamba ameiosha kwa mkono wake, na atakayeirudisha ikiwa na chumvi asiazimwe tena kwa muda wa miezi mitatu, awe mkubwa au mdogo wa cheo.

Mkutano ukiona jambo la tatu ni zito mno, basi na lile la kwanza liachwe, fedha zikae katika sanduku, nasi tununue mishipi ya mkono, kila mtu wake.